Wangelipa au Wamelipa? Hesabu ya Kuhifadhi Bonde la Kilombero

Barabara ya Kidatu kwenda Ifakara inapita kwenye ukanda mwembamba. Mkono wa kulia imesimama milima ya Udzungwa, msitu wake ukishuka hadi karibu na nyua za watu. Mkono wa kushoto ni miwa na mpunga, na reli ya TAZARA inakatiza humo humo. Katika vijiji vilivyobanwa hapo kati, Mang'ula, Sanje na majirani zao, zilikuwepo siku za kuni. Hifadhi ya Taifa ya Milima ya Udzungwa ilipotangazwa mwaka 1992, wenyeji hawakufungiwa mlango moja kwa moja. Kwa siku maalumu waliruhusiwa kuingia kuokota kuni kavu, na waliokwenda walikuwa hasa wanawake, kata kichwani na kamba mkononi. Mwaka 2011 ruhusa hiyo ilifutwa.

Ulikuwa uamuzi mzuri? Swali linaonekana jepesi mpaka aulizwe mtu ambaye kazi yake ni kulijibu kwa hesabu.

Upande wa msitu, sababu zilikuwepo. Ndani yake anaishi kima wa Sanje, ambaye wanasayansi walimtambua mwaka 1979 na hapatikani popote duniani nje ya Udzungwa. Vijito vinavyoshuka humo vinalisha mito ya bondeni. Na watu wengi wanapoingia kwa siku moja, ni askari gani atakayehakikisha kwamba kila mzigo unaoshuka ni wa matawi yaliyoanguka yenyewe?

Upande wa jiko hesabu ilikuwa nyingine, kwa sababu maharage hayaivi kwa tangazo. Kaya iliyokuwa ikipata kuni bure sasa ilibidi inunue, itembee mbali zaidi, ipande miti yake au ibadili jiko. Tuchukue mfano wa kubuni tu: kaya inayotumia mizigo miwili kwa wiki, na mzigo mmoja unauzwa shilingi 3,000. Kwa mwaka ni shilingi 312,000. Fedha hiyo haionekani kwenye bajeti ya hifadhi wala ya halmashauri, na hakuna mkaguzi atakayeikuta kwenye leja. Lakini italipwa, na mlipaji atakuwa mwanamke wa Mang'ula, kwa noti au kwa saa zake za asubuhi. Miti ya kupandwa na majiko banifu, ambayo wadau wa uhifadhi waliyahimiza katika vijiji hivyo, ni jibu la kweli, ila mti huchukua miaka kufikia unene wa kuni na marufuku huanza siku iliyoandikwa. Ndiyo maana mwanauchumi akiletewa sera kama hii, huuliza ratiba kabla ya kuuliza lengo.

Watu wengi humdhania mwanauchumi kuwa mtu wa faida, anayetaka msitu ugeuzwe mbao. Kwa kweli tawi zima la uchumi linashughulika na mazingira, na chimbuko lake ni jambo ambalo mkulima wa mabondeni analijua bila kusoma: mtu wa juu akifanya lake, wa chini ndiye anayepata shida au neema. Mwingereza Arthur Pigou aliliandikia kitabu mwaka 1920. Hoja yake ilikuwa kwamba bei ya sokoni inadanganya pale ambapo gharama ya kitendo inamwangukia mtu ambaye hakuwepo kwenye mapatano. Anayechafua mto huuza bidhaa yake kwa bei nafuu kwa sababu sehemu ya gharama wanailipa wanaokunywa huo mto.

Kinyume chake nacho ni kweli, na hapa Kilombero ndipo mahali pa kukionea. Mito inayoingia bondeni, Mnyera, Ruhudji, Mpanga, Kihansi na mingineyo, inakusanyika kuwa mto Kilombero, na huo ndio unaoupa mto Rufiji zaidi ya asilimia 60 ya maji yake. Huko chini liko Bwawa la Julius Nyerere, lenye mitambo ya megawati 2,115, ambalo lilianza kuzalisha umeme mwaka 2024. Mkulima wa Mlimba, humu bondeni, asiyelima ukingoni mwa mto, au mfugaji anayeacha ardhi oevu ipumzike, anamsaidia fundi wa kuchomelea wa Buguruni, Dar es Salaam, asiyemjua. Fundi hulipa bili yake ya umeme kwa wakati, lakini katika bili hiyo hamna hata senti iliyoandikwa kwamba ni ya Mlimba.

Sera ya mazingira huja kuziba pengo hilo, ama kwa marufuku, au kodi, au malipo, au mpaka unaochorwa kwenye ramani. Katika bonde hili mpaka ndiyo njia iliyopendwa kuliko zote. Kilombero ilitangazwa kuwa pori tengefu mwaka 1952, enzi za Mwingereza. Mwaka 2002 ardhi oevu yake, karibu kilomita za mraba 8,000, iliingizwa katika orodha ya Ramsar ya maeneo yenye umuhimu wa kimataifa. Sheria ya wanyamapori ya mwaka 2009 ikapiga marufuku kulima na kuchunga ndani ya mapori tengefu, shughuli ambazo awali ziliendelea humo bila tatizo la kisheria. Mwishoni mwa 2012 ikaja operesheni ya kuondoa mifugo na wafugaji, Wasukuma, Wabarabaig na Wamasai. Mwaka 2023 eneo likapandishwa hadhi na kuwa Pori la Akiba.

Katika operesheni za namna ile ya 2012, kipimo kinachotajwa jukwaani huwa ni idadi ya ng'ombe waliotolewa. Kipimo hicho ni chepesi kuhesabu, na kasoro yake ni hiyo hiyo. Kinaeleza kazi iliyofanyika bila kueleza matokeo. Sera haikuwa ya kuhamisha ng'ombe. Ilikuwa ya kurudisha majani, maji na sheshe, yule swala wa mabondeni ambaye Kilombero iliwahi kuwa makao yake makubwa duniani. Basi kinachotakiwa kupimwa ni majani, maji na sheshe.

Tena kuna swali la pili, ambalo wanauchumi hawachoki kuliuliza: ng'ombe hao walikwenda wapi? Mwaka 2006 na 2007 wafugaji waliondolewa katika bonde la Usangu, Mbeya, kwa hoja ya kuokoa mto Ruaha Mkuu. Wengi walielekezwa Lindi na kwingineko, na baadhi wakaishia Kilombero. Kwenye kitabu cha Usangu hiyo ikaandikwa faida. Kwenye kitabu cha taifa ilikuwa ni kuhamisha mzigo kutoka bega moja kwenda jingine, na miaka mitano baadaye bega la pili nalo likaanza kulalamika. Sera inayopimwa ndani ya mpaka wake tu inaweza kufaulu kila mahali ilipotekelezwa, huku nchi nzima ikiwa pale pale.

Ugumu mkubwa zaidi ni kujua hali ingekuwaje kama sera isingekuwepo. Macho hayaoni jambo ambalo halikutokea. Mtu akilinganisha picha za bonde kabla na baada, anachanganya sera na mvua za mwaka ule, bei ya mchele, barabara mpya, na daraja. (Daraja la mto Kilombero, lililofunguliwa mwaka 2018 baada ya miaka mingi ya kivuko, limebadili maisha ya Ifakara, Ulanga na Malinyi kuliko sera nyingi zilizoandikwa kwa ajili yao.)

Waganda wana mfano mzuri wa kutoka kwenye mtego huo. Katika wilaya za Hoima na Kibaale, kundi la watafiti likiongozwa na mwanauchumi Seema Jayachandran lilichukua vijiji 121. Kwa bahati nasibu, 60 vikaingizwa kwenye mpango: mwenye msitu wake asiyekata miti alilipwa shilingi 70,000 za Uganda kwa hekta kwa mwaka, kwa miaka miwili, kuanzia 2011 hadi 2013. Vilivyobaki havikupewa kitu, vilitazamwa tu. Picha za setilaiti zilipohesabiwa, vijiji vilivyolipwa vilikuwa vimepoteza asilimia 4.2 ya miti yao.

Mtu anayetazama namba hiyo peke yake atasema mpango ulianguka: watu wamelipwa na bado miti imepungua. Lakini katika vijiji ambavyo havikulipwa miti ilikuwa imepungua kwa asilimia 9.1. Mpango ulikata kasi ya ukataji zaidi ya nusu. Watafiti walikwenda mbali zaidi wakauliza swali la Usangu, kama ukataji ulihamia msitu wa jirani, na hawakuona dalili hiyo. Matokeo yalichapishwa mwaka 2017 katika jarida la Science. Ushahidi wa aina hii kwa marufuku ya kuni ya Udzungwa au kwa operesheni ya 2012 ungekuwa na thamani kubwa, na usingekuwa mgumu kuupata kama vijiji vya kulinganisha vingechaguliwa kabla amri haijatolewa.

Si kila jambo linaweza kupigiwa kura ya bahati nasibu, hata hivyo. Chura wa Kihansi hakuwa na kijiji cha kulinganishwa nacho.

Mto Kihansi unaporomoka kutoka Udzungwa kuingia bondeni, na katika korongo lake, kwenye majani yanayoloweshwa na rasharasha za maporomoko, aliishi chura mdogo wa rangi ya dhahabu ambaye hatagi mayai bali huzaa. Eneo lake lote lilikuwa kama hekta mbili. Aligunduliwa mwaka 1996, wakati mradi wa umeme wa Kihansi, wa megawati 180, ulikuwa umekwisha kuidhinishwa na kuanza kujengwa. Mwaka 2000 mitambo ilipoanza kazi, sehemu kubwa ya maji iligeuzwa kwenye handaki na rasharasha zikakauka. Mwaka huo huo vyura 499 walisafirishwa kwenda Marekani, na waliosalimika wakazaana katika bustani za wanyama za Bronx na Toledo. Korongoni kwenyewe vinyunyizio vikafungwa kuiga rasharasha za mto. Mwaka 2009 chura akatangazwa kuwa ametoweka porini. Mwaka 2010 kundi la kwanza likarudi Dar es Salaam, na mwaka 2012 vyura wakaanza kurejeshwa korongoni.

Watanzania wengi walicheka habari ya chura aliyepanda ndege, na wengine walikasirika. Umeme ni hospitali, ni viwanda, ni mashine za kukoboa. Chura ni nini? Mwanauchumi hawezi kucheka wala kukasirika. Maji yanayoachwa yapite korongoni ni umeme usiozalishwa, na umeme huo una bei inayojulikana. Thamani ya kiumbe ambaye hayupo kwingine kokote duniani ni ngumu kuitaja, lakini hesabu ina namna ya kulishughulikia jambo lisiloweza kurudishwa: huliongezea uzito. Kosa linalorekebishika huruhusu kujaribu na kujifunza. Kosa lisilorekebishika linadai mtu asubiri, achunguze, alipe kidogo leo ili asifunge mlango milele. Tathmini ya korongo la Kihansi ingefanywa kwa undani kabla ya ujenzi, ingegharimu sehemu ndogo tu ya fedha zilizotumika baadaye kwa vinyunyizio, ndege na maabara. Hilo ndilo somo la Kihansi, na halina uhusiano na kama mtu anawapenda vyura au hawapendi.

Kusubiri kwenyewe kuna bei, na bei hiyo si sawa kwa kila mtu. Katika wilaya za Kilombero na Ulanga iko kampuni ya misaji iliyoanzishwa mwaka 1992, ambayo imepanda takriban hekta 8,000 na kuacha sehemu kubwa ya eneo lake ikiwa msitu wa asili. Msaji unahitaji zaidi ya miaka 20 kabla ya kulipa. Kampuni yenye mtaji wa nje inaweza kukaa kitako miaka hiyo yote. Mkulima wa Mngeta anayeuza mpunga ungali mbichi shambani, kwa bei ya kutupa, kwa sababu mtoto ametakiwa ada mwezi wa kwanza, anaonyesha bila kutaja neno lolote la kitaalamu kwamba kwake gunia moja leo lina thamani kuliko magunia mawili mwezi wa sita. Wanauchumi wanapopima mradi wa miaka 30, hushusha thamani ya faida za mbali kwa kiwango fulani kila mwaka. Kiwango hicho wakikichagua kikiwa juu, wajukuu wanapotea kwenye hesabu. Wakikichagua kikiwa chini, njaa ya leo ya mkulima wa Mngeta inaonekana ndogo kuliko ilivyo. Wataalamu wanabishana juu yake kwa hoja nzito. Jambo la kushangaza ni kwamba wakati wa kubishana hawamwiti anayeuza mpunga mbichi.

Mpaka hapa tumeuliza kama sera inafanya kazi. Kama ni ya haki ni swali la pili, na kwa muda mrefu wanauchumi wenyewe walilikwepa. Mwaka 1939 wachumi wawili wa Uingereza, Nicholas Kaldor na John Hicks, walipendekeza kipimo ambacho bado kinatawala mizania ya gharama na faida. Sera ni nzuri, kwa maneno mepesi, ikiwa walionufaika wangeweza kuwafidia walioumia na wao bado wakabaki na ziada.

Kiswahili kinaliweka wazi tatizo hilo kwa silabi moja: -nge-. Wangeweza kulipa. Kipimo hakidai kwamba wamelipa. Bonde likihifadhiwa, faida ya maji ya Rufiji ikazidi hasara ya waliohamishwa, hesabu imetimia hata kama aliyehamishwa hakuona shilingi. Faida inakwenda Dar es Salaam kwa nyaya za umeme, hasara inabaki Malinyi, na jumla yake inaandikwa kwa wino wa kijani.

Lugha ya serikali nayo ina ukweli wake uliojificha. Tembo akimaliza shamba la mpunga, anachopewa mkulima hakiitwi fidia. Kinaitwa kifuta jasho, na mtu akiuawa familia hupewa kifuta machozi. Maneno yamechaguliwa kwa uangalifu. Fidia inarudisha kilichopotea. Kitambaa cha kufutia jasho hakirudishi kitu. Kanuni za mwaka 2011 ziliweka shilingi milioni moja kwa aliyeuawa, na kwa mazao kati ya shilingi 25,000 na 100,000 kwa ekari kwa kufuata umbali kutoka mpaka wa hifadhi, ekari zisizidi tano. Mwenye shamba ndani ya mita 500 za mpaka hakustahili chochote.

Masharti hayo yana mantiki ambayo mwanauchumi ataitetea: ukimlipa vizuri anayelima mdomoni mwa hifadhi, utavuta wengine waje kulima pale pale, na tembo watapata meza kubwa zaidi. Lakini mantiki hiyo inamfaa mtu aliyeufuata mpaka. Haimfai yule ambaye mpaka ulimfuata yeye. Mkulima aliyeamka na kukuta bikoni imesimikwa jirani na shamba la babu yake hakuchagua umbali wake, na kanuni inayowaweka watu hao wawili kapu moja ina kasoro, hata kama ni rahisi kuisimamia.

Inawezekana kupima haki kwa namba? Inawezekana, na mji wa Ifakara una sababu ya kujivunia katika hili, ingawa mfano wake ulitoka kwenye malaria. Kituo cha utafiti kilichoanzishwa na Waswisi mwaka 1956, ambacho leo ni Taasisi ya Afya Ifakara, kilishiriki katika mpango wa kusambaza vyandarua vyenye dawa katika wilaya za Kilombero na Ulanga kuanzia miaka ya 1990. Vyandarua viliuzwa kwa jina la Zuia Mbu. Viliuzwa, havikugawiwa, na hapo ndipo ugomvi ulipokuwa: si ndiyo kusema mwenye nazo atalala salama na maskini ataliwa na mbu?

Watafiti hawakubaki kwenye hisia. Walikwenda kwenye kaya karibu 12,000, kabla ya mpango na miaka mitatu baadaye, wakauliza mambo ambayo kila mtu anaweza kuyaona: nyumba ina bati? Kuna redio? Kuna baiskeli? Kwa majibu hayo wakazipanga kaya katika makundi matano, kutoka maskini zaidi hadi zenye nafuu. Mwaka 1997 asilimia 20 hivi ya kaya maskini zaidi zilikuwa na chandarua, dhidi ya zaidi ya asilimia 60 ya zenye nafuu. Mwaka 2000 zaidi ya nusu ya maskini walikuwa nacho, na zaidi ya asilimia 90 ya wenye nafuu. Maskini walikuwa bado nyuma, ila pengo lilikuwa limepungua: mwanzo, kwa kila kaya kumi zenye nafuu zilizokuwa na chandarua, za maskini zilikuwa tatu, mwishoni zilikuwa sita. Utafiti mwingine katika wilaya hizo hizo ulihusisha vyandarua na ongezeko la asilimia 27 la kunusurika kwa watoto wa kuanzia mwezi mmoja hadi miaka minne. Kwa hiyo ufanisi ulikuwa na namba yake, na haki ilikuwa na namba yake.

Hiyo ndiyo kazi inayokosekana katika sera za mazingira za bonde lile lile. Hakuna kinachozuia orodha ya bati, redio na baiskeli itumike kwa waliopoteza mashamba ya mpunga mpaka uliposogea, au kwa kaya zilizoacha kuokota kuni. Mahali kipimo cha aina hiyo kilipotumika kimefundisha jambo. Utafiti uliochapishwa mwaka 2020 ulilinganisha vijiji vilivyomo katika jumuiya za hifadhi ya wanyamapori, zile ambazo wanakijiji hutenga ardhi yao na kuahidiwa mapato ya utalii, na vijiji visivyomo. Matokeo ni kwamba kwa wastani jumuiya hizo hazikubadili sana utajiri wa kaya. Kilombero na Ulanga wanayo jumuiya yao, ILUMA, iliyopata jina kutokana na Ifakara, Lupiro na Mang'ula. Anayeahidi kwamba uhifadhi utawatajirisha wanakijiji wa ILUMA anapaswa kuonyesha kwa nini kwao itakuwa tofauti.

Kulipa nako kunahitaji akili. Katika milima ya Uluguru, mkoa huo huo wa Morogoro, mashirika ya CARE na WWF yaliendesha mpango ambao wakulima wa Kibungo Juu walilipwa kwa kuchimba matuta na kupanda miti ili mto Ruvu ushuke na matope machache. Miongoni mwa waliochangia malipo ni shirika la maji la Dar es Salaam na kampuni ya Coca-Cola Kwanza, yaani watumiaji wa maji wenyewe. Ni mfano wa nadra wa fedha kupanda mlima badala ya maji tu kuteremka. Lakini malipo yakifuata ukubwa wa shamba, mwenye ekari nyingi huchukua nyingi, na anayelima kwa kuazima, au mke ambaye shamba limeandikwa jina la mume, anaweza kuchimba matuta yote na asisaini karatasi hata moja.

Karibu na Mang'ula, mambo kadhaa kati ya haya yamejaribiwa kwa pamoja. Tembo walikuwa na njia yao ya zamani kati ya Udzungwa na pori la Selous, ambalo sehemu yake kubwa tangu 2019 ni Hifadhi ya Taifa ya Nyerere. Mashamba yaliifunga njia hiyo. Shirika la STEP, pamoja na serikali na vijiji, likafanya kazi ya kuifungua upya: wenye mashamba walioachia ardhi wakafidiwa, uzio ukajengwa kuwaongoza tembo, na barabara ya lami ya Kidatu hadi Ifakara ilipojengwa, kikawekwa kivuko cha chini ili tembo wapite bila kukutana na malori ya miwa. Pembeni ya hifadhi kuna wakulima waliozungushia mashamba mizinga ya nyuki, kwa kuwa tembo huogopa nyuki na asali inauzika. Ushoroba huu ni mdogo ukilinganishwa na bonde zima, na bado haijapita miaka ya kutosha kujua kama kaya za kandokando zimepata nafuu. Hata hivyo, mwenye ardhi aliitwa kabla, alilipwa, na kilichojengwa kinaweza kuhesabiwa. Kwa kipimo cha -nge- na -me-, ushoroba huu umeipita mipaka yote iliyochorwa bondeni tangu 1952.

Kisheria hilo halikupaswa kuwa jambo la pekee. Sheria ya Ardhi na Sheria ya Ardhi ya Vijiji, zote za mwaka 1999, zinadai fidia iwe kamili, ya haki na ya mapema. Na ya pili inataka aina ya fidia, kiasi chake na wakati wa kulipwa vikubaliwe kabla ardhi ya kijiji haijahamishwa kwenda matumizi mengine. Sheria hiyo ni Namba 5 ya mwaka 1999. Msomaji ambaye kijiji chake kimepata tangazo la kutengwa kwa eneo aende nayo kwenye mkutano mkuu wa kijiji, aombe isomwe kwa sauti, kisha aombe tarehe ya malipo iandikwe kwenye muhtasari kabla ya watu kunyoosha mikono.